Tunachangia Msiba, Je, na Kidonge?
Mzigo wa magonjwa sugu katika kaya zetu



Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunakutana na mwanamke aliyekuwa ameugua kwa miaka kumi na miwili. Tunapoisoma habari hii mara nyingi tunaitazama imani yake, na ni vyema. Lakini Mwinjili anataja pia jambo ambalo huwa tunalipita haraka: mama yule alikuwa amezunguka kwa matabibu wengi, mali yake yote ikaishia huko, na bado hali yake ikawa mbaya kuliko mwanzo. Siku alipofika kwa Bwana hakuwa mgonjwa tu, bali mgonjwa aliyefilisika.

Katika toleo hili tumeona tuzungumze na kamati za parokia pamoja na wafadhili wetu kuhusu watu wanaofanana na mama huyo. Wapo katika kila kigango na kila jumuiya ndogo ndogo. Wengi wao hawalazwi, hawaombewi hadharani, na majina yao hayamo katika taarifa zetu. Hata hivyo, ugonjwa walio nao unakula nyumba zao polepole, kama mchwa kwenye nguzo.

Ugonjwa sugu ni upi?

Tunapotaja ugonjwa sugu tuna maana ya ugonjwa unaokaa na mtu kwa miezi na miaka, ambao aghalabu hauponi kabisa lakini waweza kutulizwa kwa dawa na uangalizi. Shinikizo la damu (ambalo wengi tunaliita presha), kisukari, pumu, magonjwa ya moyo na ya figo, saratani, kifafa, selimundu na baadhi ya magonjwa ya akili yamo katika kundi hili. Mengi kati ya hayo hayaambukizi. Hata hivyo, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI nayo, tangu zilipopatikana dawa za kufubaza virusi, yamekuwa hali ya kuishi nayo miaka mingi, na kwa maana hiyo yamejiunga na kundi hili.

Ugonjwa wa namna hii una tabia tofauti na malaria. Malaria huja kwa kishindo: homa, kutetemeka, zahanati, dawa mseto ya siku tatu, kisha mtu anarudi shambani. Presha haina homa. Mtu aweza kukaa nayo miaka kumi bila kujua, huku akilima, akiimba kwaya na kubeba matofali ya ujenzi wa kanisa, hadi asubuhi moja mkono na mguu wa upande mmoja vinapokataa kumtii.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni magonjwa ya wakubwa na matajiri wa mjini. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Selimundu mtu huzaliwa nayo, na inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka hapa Tanzania. Kisukari kinachohitaji sindano za insulini huweza kumpata mtoto wa shule ya msingi. Ipo familia isiyo na jokofu ambayo huhifadhi insulini ya mtoto ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, na huo ni ustadi wa maskini, si maisha ya tajiri.

Tatizo ni kubwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2021 magonjwa yasiyoambukiza yaliua watu wasiopungua milioni 43 duniani. Kati yao, milioni 18 walifariki kabla ya kutimiza miaka 70. Katika vifo hivyo vya mapema, 82 kati ya kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Hapa kwetu hali imebadilika ndani ya kizazi kimoja. Miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake, akiwamo Dk. Andrew Swai ambaye baadaye aliongoza Chama cha Kisukari Tanzania, walipima watu katika vijiji sita vya Tanzania. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1989, yalionyesha kwamba wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusisha watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban watu 9 kati ya 100 wana sukari iliyozidi katika damu, na 26 kati ya 100 wana shinikizo la damu. Tafiti hizi mbili hazikufanyika kwa njia moja wala kwa umri uleule, kwa hiyo hatuwezi kuzilinganisha tarakimu kwa tarakimu. Mwelekeo wake, hata hivyo, uko wazi.

Kwa majirani zetu wa Kenya, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta watu wazima karibu 24 kati ya 100 wana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Wakazi wa vijijini nao hawajasalimika. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa mwaka 2009 na 2010, takriban 70 kati ya 100 walikuwa na shinikizo la damu, na ni wachache mno ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa. Utafiti mwingine wa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi zilizoendelea.

Kamati inaweza kuzileta takwimu hizi nyumbani kwa hesabu rahisi. Chukueni parokia yenye watu 2,000 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Ikiwa hali yake inafanana na ile ya utafiti wa mwaka 2012, basi 520 kati yao wana presha na 180 wana sukari iliyozidi. Sasa jiulizeni: ninyi mnawafahamu wangapi?

Gharama inavyoingia nyumbani

Swali la fedha si geni. Mwaka 1992 madaktari wa Muhimbili walichapisha hesabu za gharama za kuhudumia kisukari Dar es Salaam kwa mwaka 1989 na 1990. Mgonjwa aliyehitaji insulini aligharimu kwa wastani dola za Marekani 287 kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Wakati huo taifa lilikuwa likitumia dola chache tu za afya kwa kila mwananchi. Waandishi wale waliuliza kama kisukari barani Afrika ni lazima kiwe ugonjwa wa kuua. Baada ya miaka zaidi ya thelathini, swali lao bado linasubiri jibu katika nyumba nyingi.

Tuchukue mfano wa baba wa miaka 52, mkulima wa kahawa na migomba, mwenye presha pamoja na kisukari kisichohitaji sindano. Bei tunazotaja ni za mfano tu, na kila kamati iweke za mahali pake. Kila mwezi anahitaji vidonge vya shilingi 15,000, nauli ya kwenda kliniki na kurudi shilingi 6,000, kipimo cha sukari shilingi 5,000, na chai na maandazi shilingi 2,000, kwa sababu aliondoka nyumbani bila kula. Jumla ni shilingi 28,000. Kwa mwaka zinakuwa 336,000.

Mtu mwenye mshahara anaweza kuiona fedha hiyo kuwa ya kawaida. Kwa mkulima ni tofauti, kwa maana kahawa huuzwa kwa msimu ilhali kidonge kinataka fedha kila mwezi. Mapato yake yanakuja mara moja au mbili kwa mwaka, na matumizi ya ugonjwa yanakuja mara kumi na mbili. Huo ndio ugumu wenyewe. Mwezi wa tano hana fedha, anameza kidonge siku moja na kuruka siku mbili. Mwezi wa sita anajisikia mzima, anaacha kabisa. Hakuna anayemlaumu, kwa sababu hakuna anayejua.

Ni kweli kwamba Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatambua msamaha wa gharama kwa wenye magonjwa sugu na kwa wazee wasiojiweza, na tunaishukuru Serikali kwa hilo. Lakini msamaha hausaidii pale ambapo dawa imekwisha kwenye rafu. Mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue katika duka la dawa, na dukani hakuna msamaha. Vilevile msamaha haulipi nauli, wala haurudishi siku ya kazi iliyopotea.

Baba huyu akipata kiharusi, hesabu inabadilika. Kwanza kuna gari la kukodi usiku, kulazwa, vipimo na dawa. Pili, kuna kipato chake kilichokatika. Tatu, kuna yule anayemuuguza, ambaye mara nyingi ni mke au binti. Mama anaacha biashara yake ya ndizi sokoni ili amgeuze mgonjwa kitandani, na binti anaacha shule "kwa muda". Tunajua sote jinsi "kwa muda" inavyogeuka kuwa moja kwa moja. Nne, mali inaanza kuondoka kwa utaratibu unaojulikana: kuku, kisha mbuzi, kisha ng'ombe wa maziwa, kisha miti, na mwisho kipande cha kihamba. Kukiwa na figo zilizoshindwa kazi, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki, na hapo hata ukoo mzima ukichanga haufiki mbali.

Kwa hiyo ugonjwa ulioanza kwa shilingi 28,000 kwa mwezi unaweza kuishia kuondoa ardhi ambayo ingewalea wajukuu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ya mwaka 2023 ilieleza kwamba mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2 duniani waliingia katika ugumu wa kifedha kwa sababu ya kulipia matibabu kutoka mifukoni mwao. Nyuma ya idadi hiyo wamo watu wa kihamba kile.

Foleni ya Samunge ilitufundisha nini?

Wengi mtakumbuka mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwenda kunywa dawa iliyotolewa na Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kama Babu. Kikombe kiliuzwa shilingi 500, na ilisemekana kinatibu magonjwa sugu, yakiwamo kisukari, presha, pumu, saratani na UKIMWI. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na watu walitoka hata nje ya nchi. Mchungaji Mwasapila alifariki dunia mwaka 2021.

Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu wala wale waliokwenda. Wengi walikuwa waumini wetu wenyewe. Tunaandika kwa sababu foleni ile ilikuwa kama sensa ambayo hakuna ofisi iliyokuwa imeifanya. Watu ambao hatukuwahi kuwaona kwenye orodha yoyote walijitokeza barabarani, wamebebwa, wakiwa na vyeti vyao vya hospitali mkononi. Kikombe kilikuwa cha shilingi 500, lakini nauli, chakula na siku za kulala njiani ziligharimu mara nyingi zaidi. Maskini walizipata fedha hizo kwa kukopa na kwa kuuza.

Walichokuwa wakikitafuta si uponyaji tu, bali pia mwisho. Kidonge cha presha hakimwahidi mtu mwisho. Kinamwahidi kesho nyingine, kwa sharti kwamba kesho naye anunue tena. Mtu aliyechoka kulipa kila mwezi yuko tayari kulipa mara moja kwa gharama kubwa ili amalizane na ugonjwa. Kamati isiyoelewa uchovu huo itawalaumu tu watu wanaoacha dawa, wala haitawasaidia.

Kwa nini hatuuoni mzigo huu?

Tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Kwa miaka mingi fomu za taarifa tulizozigawa parokiani zilikuwa na safu za visima, vyandarua, yatima na wagonjwa wa UKIMWI. Hazikuwa na safu ya presha wala ya kisukari. Kamati zilijaza tulichouliza, na sisi tukawaandikia wafadhili kile kilichojazwa. Kosa hilo ni letu.

Lakini ipo pia desturi tuliyo nayo sote. Mtu akifariki, jumuiya inakusanyika siku hiyohiyo. Daftari linafunguliwa, rambirambi zinaandikwa, sufuria zinaazimwa, na kila nyumba inaleta kuni, mchele au fedha. Ni desturi njema, na Mungu atuepushe tusiipoteze. Lakini fikirini juu ya yule baba wa miaka 52. Alipokosa shilingi 15,000 za vidonge mwezi wa tano hakuna daftari lililofunguliwa. Angefariki kwa kiharusi mwezi wa tisa, tungemchangia ndani ya siku tatu fedha ambazo zingetosha vidonge vya miaka.

Hatusemi kwamba jumuiya hazina upendo. Upendo wetu umezoea kuitwa na kilio, na ugonjwa sugu haulii.

Tulikwisha kuifanya kazi hii

Jambo la kutia moyo ni kwamba parokia zetu si wageni katika huduma ya namna hii. Katika utafiti wa mwaka 2003 na 2004, watu 7 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na maambukizi ya VVU. Wahudumu wa majumbani waliokuwa wamejitolea walipita nyumba kwa nyumba na sabuni, glovu, uji na neno la faraja. Mwaka 2004 Serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, wahudumu walewale ndio waliowakumbusha wagonjwa saa ya kumeza dawa, wakawasindikiza kliniki na kuwatafuta waliopotea.

Matunda yake yanaonekana. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi yakiwa asilimia 4.4, na kati ya kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU, 78 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Yaani ugonjwa wa maisha, unaohitaji kidonge kila siku, uliweza kudhibitiwa vijijini kwa maskini na kwa wasiojua kusoma. Siri haikuwa dawa peke yake. Ilikuwa dawa isiyolipiwa, kliniki iliyo karibu, na jirani anayeuliza, "Leo umemeza?"

Mwenye presha hana jirani wa namna hiyo. Kliniki ya magonjwa sugu katika vituo vingi ni siku moja kwa wiki, na asipokuja hakuna anayemfuata. Mwezi Novemba 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, na hilo limefungua mlango. Ni juu yetu kuingia.

Kamati ya parokia ifanye nini?

Tunapendekeza hatua sita. Hakuna hata moja inayohitaji jengo jipya.

1. *Hesabuni.* Kila kiongozi wa jumuiya aandike kaya zenye mgonjwa wa ugonjwa sugu, kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Orodha itunzwe kwa siri kama ile ya wagonjwa wa VVU, isisomwe kanisani.

2. *Pimeni.* Nunueni kipimo kimoja cha presha cha kufunga mkononi, kinachotumia betri. Mkiwa na muuguzi au mhudumu wa afya, pimeni baada ya Misa ya Jumapili. Anayepimwa akae kimya dakika tano kwanza. Akipata 140/90 au zaidi, arudiwe siku nyingine, na ikibaki hivyo apelekwe zahanati. Akipata 180/110 au zaidi, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kazi ya kamati ni kupima na kuelekeza. Kutaja ugonjwa na kutoa dawa ni kazi ya mganga.

3. *Sindikizeni.* Kila mgonjwa apate jirani mmoja wa kumkumbusha dawa. Wanaohudhuria kliniki moja wapange siku moja na kukodi gari moja, maana nauli ikigawanywa inapungua. Tunawaomba pia mapadre na makatekista waseme wazi kwamba kuombewa si sababu ya kuacha dawa. Mgonjwa aombe, na ameze.

4. *Tengeni fungu la kidonge.* Katika kila shilingi kumi zinazokusanywa kwa ajili ya huruma, kamati iamue kutenga angalau moja kwa wenye magonjwa sugu, hasa kwa miezi ile ya njaa ambayo mazao hayajauzwa. Fungu hili lilipe dawa na nauli, na lisomewe hesabu kama mafungu mengine.

5. *Saidieni bima.* Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ulizeni katika halmashauri yenu utaratibu uliopo kwa kaya zisizo na mshahara. Hamasisheni watu wachangie wakati wa mavuno, fedha ikiwa mkononi, na parokia ichague kaya chache maskini kabisa iwalipie. Kadi ya bima ni zawadi nzuri ya Noaji kuliko kanga. Mtu aliye na kadi ana mahali pa kuanzia anapougua.

6. *Tazameni meza zetu.* Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Sherehe za parokia zenye soda kreti kwa kreti na pombe bila kipimo haziendani na mafundisho tunayoyatoa kwenye semina.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu wafadhili, mmetusaidia kujenga zahanati na visima ambavyo watu wanavitumia hadi leo. Tunawashukuru kwa moyo wote. Leo tunawaomba mtusaidie katika jambo gumu zaidi, kwa sababu halina jiwe la msingi la kuzindua wala ukuta wa kupiga picha.

Kwa miaka mingi magonjwa yasiyoambukiza yamepata karibu asilimia 2 tu ya misaada yote ya afya inayokwenda nchi zinazoendelea. Tunaelewa sababu mojawapo. Miradi yetu huwa ya miaka mitatu, na presha haimaliziki kwa miaka mitatu. Mfadhili anaogopa kuanzisha jambo lisilo na mwisho. Nasi tunaogopa vilevile, maana dawa inayoanzishwa na kukatika humrudisha mgonjwa pale alipokuwa, akiwa amekata tamaa zaidi. Pale Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025, sote tulikumbushwa hatari ya kuweka uhai wa watu kwenye mkono mmoja.

Kwa hiyo hatuombi mnunulie kila mgonjwa vidonge vyake milele. Tunaomba vitu vitatu. Kwanza, vipimo vya presha na sukari pamoja na mafunzo ya wahudumu wa kujitolea. Pili, mtaji wa mwanzo kwa zahanati za parokia ili ziwe na akiba ya dawa zinazouzwa kwa bei ya kununulia, fedha ikirudi inunue tena, na dawa zisikauke. Tatu, mchango unaolingana na ule wa jumuiya: kila shilingi wanayotenga katika fungu la kidonge, nanyi mweke moja, ikipungua kidogo kila mwaka kadiri fungu la wenyewe linavyokua.

Fedha hiyo haipotei. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila dola 1 inayowekwa katika hatua zilizothibitika za kuzuia na kutibu magonjwa haya katika nchi maskini italeta faida ya dola zisizopungua 7 ifikapo mwaka 2030. Kwetu sisi faida hiyo itaonekana kwa namna nyepesi kueleweka: ng'ombe aliyebaki zizini, na binti aliyebaki shuleni.

Bwana alisimama njiani

Tumalizie pale tulipoanzia. Mama yule alipomgusa Bwana, Bwana alikuwa na haraka. Alikuwa anakwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa katika hatari ya kufa. Ilikuwa dharura, na umati wote ulikuwa umeifuata dharura hiyo. Mama yule naye alikuwa amengoja miaka kumi na miwili, muda sawa na umri wa mtoto, na hakuna aliyekuwa akimkimbilia. Bwana alisimama. Aliuliza ni nani aliyemgusa, akamsikiliza, akamwita binti. Kisha akaendelea na safari, na mtoto wa Yairo naye akasimama.

Tunaziomba kamati zote zijadili makala hii katika kikao kijacho na kutuletea majibu ya maswali mawili: tuna wagonjwa sugu wangapi katika parokia yetu, na mwezi uliopita ni wangapi walikosa dawa kwa kukosa fedha? Safari hii safu hizo zimo katika fomu.